Jumatatu Kuna Kazi

Juu ya bonde la Edale, kaskazini mwa Derbyshire nchini Uingereza, imesimama nguzo ya jiwe iitwayo Hope Cross. Inampita mtu mzima kwa kimo, kichwa chake ni mraba, na kila uso wa kichwa hicho umechongwa jina la mahali: Hope, Edale, Glossop, Sheffield. Mwaka uliochongwa ni 1737. Anayefika hapo kwa baiskeli akitokea mto Ashop anakuwa ameshapanda mlima wa mawe yaliyolegea ambao wengi wetu huumaliza kwa kusukuma, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuegemeza baiskeli ukutani na kunywa maji. La pili ni kusoma. Nguzo haitaji umbali. Inaonyesha upande tu, kwa watu waliojua waendako na walichoogopa ni ukungu.

Watu hao walikuwa wachukuzi. Kabla barabara za magari ya farasi hazijaipasua milima hii, bidhaa zilivuka kwa misafara ya farasi wafupi wenye migongo imara, kila mmoja akiwa na karibu kilo 100 ubavuni: chumvi ya Cheshire, sufu, kimea, jibini, madini ya risasi. Aliyeongoza msafara aliitwa jagger. Farasi wa mbele alivishwa kengele, maana njia ilikuwa nyembamba, na misafara miwili ikikutana mahali pabaya mmoja lazima urudi nyuma. Kijito kilicho chini ya nguzo, upande wa Edale, kinaitwa Jaggers Clough hadi leo. Vijana wa Sheffield wanaokiteremkia kwa kasi hawakikumbuki kwa ajili ya chumvi. Wanakikumbuka kwa sababu pale chini kuna maji ya kuvuka na mawe ya utelezi, na mtu huamua papo hapo kama anapita au analala humo.

Mimi hupita na pampu, tyubu ya akiba, mkate na ndizi.

Mjomba wangu yuko Kahama, na ujana wake wote ulipita juu ya baiskeli, Raleigh kwanza, kisha Phoenix. Amebeba magunia ya mkaa, mabati, madumu ya maziwa, wagonjwa, na safari moja bibi harusi aliyekataa kushuka hata kwenye mchanga. Nilipomtumia picha ya baiskeli yangu imeegemea ukuta wa Hope Cross, alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii baiskeli mbona haina karia?"

"Hizi haziwekwi karia. Ni za milimani."

"Sasa mzigo unafunga wapi?"

"Hatubebi mzigo, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Na hapo mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Tulikuwa tunazunguka tu. Tunaanzia bwawani, tunapanda juu, tunarudi pale pale bwawani."

"Mlisahau kitu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa mtu wa Kahama baiskeli ni chombo cha kazi, na safari ina ncha mbili. Mfanyabiashara naye huenda akarudi, lakini anarudi na kitu kingine mkononi. Kuhangaika kutwa nzima kwenye mawe na tope ili ufike ulipoamkia ni jambo linalohitaji maelezo, na maelezo ya kawaida wanayotoa wapenzi wa mchezo huu, afya, hewa safi, kuondoa mawazo, hayamtoshi mjomba wala hayanitoshi mimi. Hewa safi ipo hata kwenye kituo cha basi cha kijiji cha Bamford.

Nimekuja kuamini kwamba mzunguko ni safari ya mtu wa mshahara. Mwenye nafasi husafiri kwa kunyoosha: anaondoka huku, analala kule, keshokutwa yuko bahari ya pili. Mimi Jumatatu naingia zamu ya alfajiri ghalani, na gari la kukodi linatakiwa lirudi Jumapili jioni. Kwa hiyo nachukua kipande cha nchi ninachoweza kukizungushia mstari kati ya chai ya asubuhi na giza. Na milima hii, zaidi ya milima mingine ninayoijua Uingereza, imechorwa na watu wa namna hiyo.

Itazame ramani. Nyika hii ya juu, ambayo Waingereza huita Dark Peak kwa weusi wa udongo wake, iko katikati ya Manchester na Sheffield. Upande mmoja pamba, upande mwingine chuma na visu. Reli iliyopenya bonde la Hope na Edale kuiunganisha miji hiyo ilifunguliwa mwaka 1894, na ghafla fundi wa Sheffield aliweza kuwa chini ya mlima asubuhi na kitandani kwake usiku. Septemba 1900, G. H. B. Ward, fundi mitambo wa Sheffield, aliweka tangazo kwenye gazeti la kisoshalisti la Clarion kuwaalika watu kutembea. Safari yao ya kwanza ilikuwa kuuzunguka mlima Kinder Scout. Ndivyo kilivyoanza chama cha Sheffield Clarion Ramblers. Hawakwenda Kinder, waliizunguka, na sidhani kama ni bahati tu. Mtu ambaye siku sita anabeba, anasukuma na anapigiwa king'ora, siku ya saba hataki kufika mahali ambapo mtu mwingine amempangia.

Shida ilikuwa kwamba katikati ya mzunguko ule palikuwa pamefungwa. Nyika ya juu ilikuwa mali ya mabwanyenye na mamlaka za maji, ikitunzwa kwa ajili ya kwale wekundu, ndege ambao msimu wa kuwapiga risasi hufunguliwa tarehe 12 Agosti kila mwaka. Walinzi wenye marungu walizuia mtu yeyote aliyetoka nje ya njia chache za umma. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao kutoka Manchester, walikusanyika Hayfield, magharibi mwa Kinder, wakapanda hadi ndani ya eneo lililokatazwa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Polisi walikuwa wakimvizia stesheni ya Manchester siku hiyo; yeye akaja kwa baiskeli.

Juu walisukumana na walinzi, si sana. Wakateremka kurudi Hayfield, na mzunguko ulipofungwa pale kijijini polisi walikuwa wanangoja. Kuingia kwenye ardhi ya mtu peke yake halikuwa kosa la jinai, kwa hiyo ilibidi watafutiwe kosa jingine, na watano wakafungwa kati ya miezi miwili na sita kwa mambo ya fujo. Rothman alipata minne. Hasira iliyofuata ilifanya kazi ambayo maandamano yenyewe yasingeifanya. Haikuwa hasira hiyo peke yake, wala haikuwa haraka. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Ward, aliyekuwa ameshazeeka, aliishi kuiona.

Baiskeli iliingia kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Uingereza inazitenga njia za umma: kuna za miguu peke yake, na kuna za farasi, ambazo ni urithi wa moja kwa moja wa akina jagger. Mwaka 1968 Bunge liliongeza kifungu kinachoruhusu baiskeli kwenye njia za farasi, kwa sharti kwamba mwendesha baiskeli ampishe mpanda farasi na mtembea kwa miguu. Waliotunga kifungu hicho walikuwa wakiwafikiria mabwana wenye soksi ndefu na mkoba wa ramani. Baiskeli ya milimani haikuwepo. Ilizaliwa miaka ya 1970 kwenye vilima vya Marin County, California, pale akina Gary Fisher na Joe Breeze walipokuwa wakiteremka njia za vumbi kwa baiskeli nzito za zamani, wakiziunguza breki zake za kitovuni mpaka grisi inafuka moshi. Breeze akaunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo mwaka 1977. Chombo hicho kilipofika Derbyshire kilikuta haki yake imeshaandikwa zaidi ya miaka kumi kabla, na kimekuwa kikitembea juu ya mgongo wa farasi asiyekuwepo.

Haki hiyo haijakua sana tangu hapo. Sheria ya mwaka 2000 ilimpa mtembea kwa miguu uhuru wa kukatiza nyika popote apendapo, ikamwacha mwenye baiskeli kwenye mstari wake. Uskoti, kwa sheria ya mwaka 2003, iliwaruhusu wote wawili karibu kila mahali, mradi waende kwa uangalifu. Wenzangu wa Sheffield huuona huu kama uonevu mtupu. Mimi sina hakika. Nimeitazama piti kwa karibu.

Piti ni udongo usio udongo. Ni mabaki ya mimea, hasa kuvumwani aina ya sfagnum, ambayo hayakuoza kwa sababu yalizama kwenye maji yasiyo na hewa. Hujijenga kwa kama milimita 1 kwa mwaka. Shuka kwenye baiskeli, chuchumaa kando ya korongo ambalo mvua imelichimba, utaona ukuta mweusi wa mita mbili: hiyo ni miaka 2,000 hivi, na chini kabisa hutokeza vipande vya mti, vyekundu na laini, unavyoweza kuvimega kwa vidole. Ukikandamiza kiganja pale juu, kunabonyea na maji yanakuja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukiondoa kiganja, alama inabaki. Tairi la inchi mbili na nusu likipita hapo siku ya mvua linaacha mfereji, mvua inayofuata inaufuata mfereji, na baada ya misimu michache una korongo jipya. Buti nazo hufanya hivyo hivyo, wala sizitetei. Ila mtu anayetembea anaweza kuruka kijani akakanyaga jiwe. Baiskeli huchora mstari mzima.

Na piti hii ilikuwa tayari mgonjwa. Kwa zaidi ya karne moja moshi wa makaa ya mawe wa Manchester na miji yake, ukisukumwa na upepo wa magharibi, ulinyesha tindikali juu ya nyika hii mpaka sfagnum ikafa katika maeneo makubwa. Ngozi ilipotoka, nyama ikaanza kwenda na maji. Tangu mwaka 2003 mradi wa Moors for the Future umekuwa ukiziba makorongo na kupanda kuvumwani upya. Kwenye njia ya miguu ya Pennine Way, inayoanzia Edale, tope lilikuwa baya mno hata zikaletwa kwa helikopta slabu za mawe na kupangwa moja moja juu ya kinamasi. Slabu nyingi zilitoka kwenye sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa huko Lancashire. Yaani sakafu zilizochakazwa na viatu vya wafanyakazi sasa zinalinda udongo ulioharibiwa na moshi wa mabomba ya viwanda hivyo hivyo, na wanaozikanyaga ni watu wa mapumziko ya Jumapili. Huwa sipendi historia inapojipanga vizuri kupita kiasi, lakini hii ipo pale, na mashimo ya boliti za mashine bado yanaonekana kwenye baadhi ya slabu.

Toka Hope Cross, mzunguko wangu hauendi Edale. Unashika mgongo wa kilima kuelekea kusini-mashariki, kwenye mabaki ya barabara ya Warumi, mpaka begani mwa Win Hill. Hapa ndipo nyika inapojionyesha kwa urahisi bila kukuadhibu. Njia ni ngumu, mchanga na changarawe, na pande zote mbili kuna vichaka vifupi vya jamii ya erika, vinavyogeuka zambarau mwezi Agosti mpaka vumbi la maua linaganda kwenye soksi. Aliyepanda Kilimanjaro anawajua ndugu zao: juu ya msitu wa mvua erika hukua ikawa mti wa kumpita mtu mara kadhaa, ndevu za kuvumwani zikining'inia. Hapa hazifiki gotini, na urefu huo si wa asili tu. Wenye mashamba ya kwale huzichoma kwa zamu ili ndege wapate machipukizi. Mlima mzima una mabaka. Mgeni huiona nyika hii akasema ni pori. Si pori hata kidogo. Ni kazi ya moto, kondoo na bunduki, na kabla ya hapo, kazi ya mashoka.

Kisha mteremko. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, kiti kinazama, unasogeza mwili nyuma na kuiachia baiskeli itafute njia yake. Kuna wakati mfupi ambapo kichwa hakina nafasi ya chochote isipokuwa jiwe lililo mita sita mbele. Usilitazame jiwe la kwenye tairi, hilo limeshapita, ukilitazama unaanguka. Mawe ya huku ni ya mchanga mkali, yale yale yaliyokuwa yakichongwa kuwa mawe ya kusagia, na yakiwa makavu yanashika tairi vizuri ajabu. Yakiwa na unyevu mwembamba, hasa kwenye kivuli cha miti ya chini, ni shauri jingine. Mikono inakufa ganzi kabla ya miguu kuchoka. Halafu unatokea kwenye lami, mbele ya nyumba ya mtu mwenye maua dirishani, na unajikuta unasalimia kwa adabu kama mtu aliyetoka kanisani.

Chini ya Thornhill njia inakuwa tambarare, na utambarare huo una sababu. Ilikuwa reli. Ilijengwa kutoka Bamford kupandisha mawe na saruji kwenye mabwawa mawili ya juu, Howden na Derwent, yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kumalizika mwaka 1912 na 1916, ili miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester ipate maji. Sasa inapita baiskeli za watoto zenye magurudumu ya pembeni, na bibi mmoja na mbwa wake ambao sijawahi kuwakosa hapo Jumapili.

Nottingham nimeitaja na haitanipita hivi hivi. Raleigh zilitengenezwa Nottingham, tangu miaka ya 1880 hadi kiwanda kilipoacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Raleigh ya mjomba, ile ya fremu nyeusi na nembo ya kichwa cha ndege mbele, ilichomelewa na watu waliokuwa wakichemsha chai kwa maji ya bonde hili. Nilipomweleza mjomba aliliona jambo hilo kuwa la maana kuliko mengine yote niliyowahi kumsimulia kuhusu Uingereza. Akaniambia nipeleke salamu.

Bwawa la tatu na kubwa kuliko yote, Ladybower, lilijengwa kati ya 1935 na 1943, na lilimeza vijiji viwili, Ashopton na Derwent. Wafu wa makaburi ya Derwent walifukuliwa wakazikwa upya Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa umesimama, ukawa unatokeza majini, hadi ulipolipuliwa mwaka 1947 kwa sababu watu walikuwa wakiogelea kuuendea. Kiangazi kikiwa kikali, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na 2022, maji hushuka na misingi ya nyumba za Derwent hutoka, na watu huja kwa maelfu kukanyaga vizingiti. Sijapenda kwenda siku hizo. Mashimo mawili makubwa ya duara karibu na ukuta wa bwawa, kila moja na upana wa mita 24, ambayo maji ya ziada huangukia wakati wa masika, ndiyo yanayonisimamisha. Nikipita mwezi Februari hukaa hapo mpaka masikio yazibe.

Kitu kimoja cha Derwent kilinusurika. Palikuwa na daraja la jiwe la karne ya 17, la farasi wa mizigo, jembamba, lenye kingo fupi ili mizigo iliyoning'inia ubavuni isikwame. Kabla maji hayajaja lilivunjwa kwa utaratibu, kila jiwe likapewa namba, likahifadhiwa. Mwaka 1959 likasimamishwa upya mbali juu ya bonde, pale Slippery Stones, mto Derwent unapoingia bwawa la Howden. Na lilisimamishwa kwa kumbukumbu ya nani? Si jagger yeyote, wala mfanyabiashara wa chumvi. Ni ya John Derry, mhariri wa gazeti la Sheffield aliyeandika kitabu kuhusu kutembea kwenye nyika hizi. Daraja la wachukuzi limeokolewa na watu wa matembezi, watu wasiokuwa na haja nalo hata kidogo kwa maana ambayo mjomba angeikubali.

Ndivyo ilivyo karibu kila mahali kwenye mzunguko huu. Chumvi ilihamia kwenye magari ya farasi, kisha kwenye reli, na njia za akina jagger zikabaki bila sababu. Kisheria njia ya umma haifi kwa kukosa wapitaji. Kwa hali halisi inakufa upesi: miiba inafunga geti, mwenye shamba analima mpaka ukutani, na kizazi kimoja baadaye hakuna anayeweza kuapa kwamba palipitika. Sheria inasema mahali palipopitwa na umma kwa miaka 20 bila kukatazwa panahesabiwa kuwa njia, kwa hiyo miguu ni ushahidi. Ward na wenzake walitumia miaka kupekua ramani na hati za zamani kuthibitisha njia moja moja. Ile ile sheria ya mwaka 2000 iliweka siku ya mwisho ya kuandikisha njia za kale ambazo hazimo kwenye ramani rasmi, tarehe 1 Januari 2026, siku ambayo baadaye ilisogezwa, na wazee waliostaafu wamekuwa wakikaa kwenye vyumba vya nyaraka wakisoma miandiko ya karne ya 18 kwa lenzi. Karibu wote ni watu waliofanya kazi maisha yao yote. Mmoja wao, aliyekuwa dereva wa basi, alinionyesha ramani ya mpimaji yenye mstari wa nukta nukta na akanieleza kwa nusu saa kwa nini nukta hizo ni farasi na si miguu.

Wenye nguvu zaidi hawamalizii mzunguko kando ya bwawa. Toka pale ilipokuwa Ashopton wanapanda tena, mpaka Whinstone Lee Tor, pale njia kadhaa zinapokutana kwenye mpasuko wa mawe na upepo unakusukuma wa pembeni, kisha wanateremka kuelekea kule kulikokuwa na Derwent. Kupanda ni kwa kusukuma, kwa kila mtu ninayemjua, isipokuwa wale wenye baiskeli za umeme, ambao wanapita wakisalimia bila kuhema. Nina wivu nao tu, sina hoja. Kuna wanaosema mota inaharibu mchezo. Akina jagger nao wasingeshuka kumsaidia farasi kwa ajili ya heshima.

Mara ya mwisho nilipoteremka huko, magoti yakiwa yanatetemeka, mwenye shamba alikuwa amesimamisha pikipiki yake ya magurudumu manne katikati ya njia, mbwa wawili nyuma. Kondoo walikuwa wametawanyika upande usio wao. Nikafunga breki, nikashuka, nikaegemea pembeni kama sheria inavyotaka, ingawa yeye hakuwa farasi wala mtembea kwa miguu. Aliitazama baiskeli, akalitazama tope mgongoni mwangu.

"Geti la juu," akasema. "Umelifungaje?"

Nikamwambia nimelirudisha, nikashusha komeo, nikalivuta kuhakikisha.

"Basi kuna mwingine mbele yako," akasema, akawasha pikipiki na kupanda kwenda kuhesabu kondoo wake.